Nani Ana Ruhusa ya Kuniita Jina Langu?

Kilikuwa kikao cha kumkaribisha mkuu mpya wa idara. Aliyekuwa anatutambulisha alianza vizuri kabisa, huyu ni Daktari fulani, akamtaja kwa jina la ukoo, huyu ni Injinia fulani, huyu Mhasibu wetu Bwana fulani, anakwenda kiti kwa kiti na kila anayetajwa anainuka kidogo, anaitikia kwa kichwa, anakaa. Viti vilipoisha akageukia mlangoni alikokuwa amesimama mama anayefanya usafi pale ofisini, mtu wa miaka 50 na kitu, mkubwa kuliko karibu wote tuliokuwa tumekaa. Akataja jina lake. La kwanza tu. Alafu akamwambia mkuu mpya, "ukihitaji chochote we muite."

Hakuna aliyeshtuka. Mkuu mpya alitabasamu, akalirudia lile jina kwa sauti ili alishike, kikao kikaendelea.

Mi ndo sikuendelea.

Jina la huyo mama sitaliandika hapa, hajaniruhusu, na mkisoma mpaka chini mtaelewa kwanini hilo nimeona ni la kuzingatia. Ila wiki zimepita na bado ile dakika inanisumbua. Hakutukanwa. Jina alilotajwa ni lake kweli, alipewa na wazazi wake, jina zuri tu. Sasa tatizo lilikuwa wapi? Nilijua kuna kitu hakijakaa sawa lakini kila nikitaka kukieleza naishia kusema "si heshima", na mtu akiniuliza tangu lini kumwita mtu jina lake kukawa si heshima, nakosa jibu. Rafiki yangu mmoja akaniambia nakuza mambo, kazini kwao kuanzia mkurugenzi mpaka mlinzi wanaitana jina la kwanza na hakuna anayelalamika, tena wanajisikia familia.

Na mimi namuamini. Ndo kinachonichanganya. Kitendo ni kile kile, kumtaja mtu kwa jina lake la kwanza, huku kinawaleta watu karibu na kule kinamshusha mtu mbele ya wenzake.

Mary, au Miss Hamilton

Nilipoanza kusomasoma nikakutana na kesi ambayo naona kila anayejali haya mambo anapaswa kuijua.

Mwaka ni 1963, mji wa Gadsden, jimbo la Alabama, Marekani. Mary Hamilton alikuwa mwanaharakati wa CORE, moja ya mashirika yaliyokuwa yanapigania haki za watu weusi, na alikuwa amekamatwa kwenye maandamano. Siku hiyo yuko mahakamani, anahojiwa. Mwendesha mashtaka akamuuliza jina lake nani, akajibu, Miss Mary Hamilton. Swali lililofuata yule bwana akamwita "Mary". Akamwambia jina langu ni Miss Hamilton, niite inavyotakiwa. Yule bwana akaendelea vile vile, na yeye akakataa kujibu swali hata moja mpaka aitwe inavyotakiwa. Jaji akamwamuru ajibu. Akakataa. Akahukumiwa pale pale kwa kudharau mahakama, siku 5 jela na faini ya dola 50, na ile faini akakataa kulipa.

Lazima mtu ajue kulikuwaje kule ili aone uzito wake. Shahidi mweupe aliitwa Bwana, Bibi, Miss. Shahidi mweusi aliitwa jina la kwanza, hata awe mzee mwenye wajukuu, hata anayemhoji awe kijana wa juzi. Na si mahakamani tu, ilikuwa dukani, barabarani, kila mahali. Mtu mweusi angeweza kuishi miaka 80 na asisikie hata siku moja mweupe akimwita Bwana. Wengine mpaka jina la kwanza waliona ni kubwa mno kwao, wakawa wanawaita "boy", yaani kijana, mtu mzima na ndevu zake.

Mwaka 1964 Mahakama ya Juu ya Marekani ikaifuta ile hukumu.

Nimeisoma hii kesi mara nyingi na kinachonirudisha ni kwamba yule mwendesha mashtaka hakusema uongo. Mary lilikuwa jina lake. Mama yake bila shaka alimwita hivyo, na rafiki zake. Angeweza kabisa kusimama akasema sijamtukana huyu, nimemwita alivyoitwa na wazazi wake. Lakini fikiria Mary Hamilton angemjibu kwa kumwita na yeye jina lake la kwanza, mle mle mahakamani, Alabama ya 1963. Kila mtu kwenye kile chumba alijua hilo haliwezekani. Jina lilikuwa linatoka upande mmoja na haliruhusiwi kurudi.

Nikaandika kwenye daftari langu: je, linaweza kurudi? Nikadhani nimemaliza kazi. Kumbe ndo kwanza.

Juu halitajwi, chini halipumziki

Ukiangalia historia utaona kadiri mtu anavyopanda ndivyo jina lake la kwanza linavyofichwa. Katika China ya wafalme jina binafsi la mfalme aliyeko madarakani lilikuwa mwiko, watu hawalitamki wala hawaliandiki, na herufi zake zikitokea kwenye maandishi mengine zinabadilishwa. Mtu mmoja anayejulikana na nchi nzima, na karibu hakuna wa kumwita.

Upande wa chini ni kinyume kabisa. Jina lako linakuwa la kila mtu, na mwishowe hata si lako tena. Wahudumu weusi kwenye mabehewa ya kulala ya kampuni ya Pullman, Marekani, abiria waliwaita wote "George". Wote. Kwa sababu mwenye kampuni aliitwa George Pullman, na hiyo ilitokana na tabia ya zamani ya kumwita mtumwa kwa jina la anayemmiliki. Utumwa ulishafutwa, mwenye kampuni mwenyewe alikufa 1897, na bado miaka na miaka baadaye mtu anatoka nyumbani na jina lake alilopewa, anapanda treni kazini, anakuwa George mpaka zamu iishe. Wahudumu hao walipounda chama chao mwaka 1925, kikiongozwa na A. Philip Randolph, walikuwa wanadai mishahara na saa za kazi za kibinadamu, na huko kuitwa George kulikuwa kati ya mambo yaliyowauma. Mtu anaweza kuona jina ni jambo dogo likiwekwa kando ya mshahara. Wao hawakuliona dogo.

Na kabla yao Olaudah Equiano. Alipokuwa mtumwa aliitwa Michael, kisha Jacob, halafu bwana wake mwingine akaamua kuwa kuanzia sasa ni Gustavus Vassa, jina la mfalme wa Uswidi wa zamani. Akakataa, akasema aachwe abaki Jacob. Akapigwa, akakataa, akapigwa tena, mpaka akaitika. Hebu tulieni hapo kidogo. Alikuwa anapigania jina ambalo nalo hakupewa na mama yake, ila angalau alishalizoea. Baadaye akiwa huru, mwaka 1789, alipotoa kitabu cha maisha yake aliweka majina yote mawili juu ya jalada, lile la nyumbani na lile alilopigiwa.

Tunavyoulizana maana

Watu wakizungumzia majina huwa wanakimbilia maana. Jina lako maana yake nini? Subira, nuru, zawadi, ushindi, aliyezaliwa alfajiri, jina la bibi, jina la nabii. Na mimi napenda hayo mazungumzo, kweli, maana ndo mahali mzazi anasikika. Mtoto hajafungua macho vizuri na tayari kuna mtu amekaa akawaza atamtakia nini hapa duniani.

Lakini maana inabaki na mzazi. Mtoto akishatoka nje, jina linakuwa mdomoni mwa watu ambao hawakuwepo siku linachaguliwa na hawajui lilichaguliwa kwanini, na wao wanaliwekea mambo yao.

Mandela alizaliwa anaitwa Rolihlahla. Siku yake ya kwanza shuleni, Qunu, mwalimu wake akampa Nelson, kwa sababu ndivyo ilivyokuwa, kila mtoto wa Kiafrika alipewa jina la Kiingereza ambalo wazungu wangeweza kulitamka. Mwenyewe aliandika kuwa hakujua kwanini mwalimu alimchagulia hilo. Dunia nzima ikaja kumjua kwa jina alilopewa asubuhi moja darasani na mtu asiyemueleza sababu. Ila angalieni watu wake walimwita nani walipotaka kumheshimu na kumpenda kwa wakati mmoja. Madiba. Jina la ukoo wake, la mababu. Nelson liliachiwa magazeti.

Halafu kuna ambao jina lao la kwanza linafika kabla yao na kuwafungia. Marianne Bertrand na Sendhil Mullainathan walituma karibu CV 5,000 za kutunga kwa waajiri wa Boston na Chicago, sifa zinalingana, tofauti ni majina tu, nusu yana majina yanayosikika ya kizungu kama Emily na Greg, nusu yanayosikika ya Wamarekani weusi kama Lakisha na Jamal. Matokeo waliyachapisha 2004. Mwenye jina la kizungu alihitaji kutuma CV kama 10 ili apigiwe simu moja, mwenye jina la weusi kama 15. Fikiria mzazi aliyekaa usiku akatafuta jina zuri la binti yake, lenye mlio anaoupenda, na miaka 25 baadaye mtu asiyemjua analisoma sekunde moja na kuiweka karatasi pembeni.

Na wanawake. Hili lilinigusa kwa sababu ya kile kikao. Mwaka 2017 ulichapishwa utafiti uliopitia video za mihadhara ya madaktari katika Mayo Clinic, hospitali kubwa ya Marekani, wakiangalia jambo moja, mzungumzaji anatambulishwaje. Mwanaume akimtambulisha mwanaume mwenzake alitaja cheo chake cha Daktari katika asilimia 72 hivi ya nafasi. Mwanaume akimtambulisha mwanamke, asilimia 49. Wote ni madaktari, jukwaa moja, na nusu ya wanawake cheo kinabaki chini. Mwaka uliofuata Stav Atir na Melissa Ferguson wakaonyesha kuwa watu huwataja wanaume wenye taaluma kwa jina la ukoo pekee zaidi ya mara mbili kuliko wanavyofanya kwa wanawake, na kibaya zaidi, mwanasayansi yule yule akitajwa kwa ukoo tu watu wanamuona maarufu zaidi na anastahili zaidi tuzo. Sidhani wale waliokuwa wanatambulisha walikaa wakapanga kumdharau mtu. Ninavyoona mimi hapo ndo penye ugumu, kwa sababu asiyekusudia hawezi kuacha jambo ambalo hajui analifanya.

Kwa hiyo nikawa nimeshafika pazuri. Dawa ni vyeo. Kila mtu aitwe Bwana, Bi, Mama, Daktari, kwa usawa, na jina la kwanza tuwaachie wa nyumbani kwake.

Alafu nikaongea naye.

Alichonijibu

Nilimkuta amekaa jioni moja, kazi imeisha, anasubiri mvua ipungue. Nikamsalimia, shikamoo mama, akaitikia marahaba mwanangu, tukaongea mambo ya kawaida mpaka nikapata ujasiri. Nikamwambia, "Mama, samahani nikuulize, hivi hapa kazini ungependa tukuite nani?"

Akaniangalia kama ananipima nimetumwa na nani.

"Jina langu," akasema.

Nikamwambia ndo maana nauliza mama, naona watu wanakuita jina tu hivi hivi, wadogo kwako, mi naona sio sawa. Akanyamaza kidogo. Halafu akaniambia kitu ambacho sikukitegemea, nakiandika kwa jinsi ninavyokikumbuka. Kwamba tangu alipomzaa mtoto wake wa kwanza hakuna mtu aliyemwita jina lake tena. Mumewe anamwita mama wa fulani, mawifi hivyo hivyo, majirani hivyo hivyo, hata dada yake. Waliokuwa wanamwita jina lake ni wazazi wake na walishafariki. "Hapa ndo mahali peke yake nalisikia. Mkianza kuniita mama na hapa, basi litakuwa limekwisha."

Sikuwa na la kusema.

Akaendelea mwenyewe. "Jina nalipenda. Ila wanalipiga kama kengele. Nikilisikia najua kuna kitu kimemwagika. Hakuna anayeniita akaniuliza nimeamkaje."

Nimekaa na hayo maneno kuliko kitabu chochote nilichosoma. Maana kule kuitwa mama wa fulani, ambako sehemu nyingi duniani kunahesabika ni heshima kubwa, Waarabu wana Umm na Abu wao, na jamii nyingine nyingi zina namna yao, yeye alikuwa anakusikia kama kufunikwa taratibu. Hakuna aliyemkosea. Wote walikuwa wanamheshimu. Na ndani ya heshima hiyo hiyo mtu mmoja, binti aliyekuwepo kabla ya mume na kabla ya watoto, akawa hana wa kumwita. Wanaume wengi nao huitwa baba wa fulani, hilo nalijua, ila mara nyingi mwanaume anabaki na jina lake kazini, kwenye hati, kwenye vikao, kwa marafiki. Ana mahali pengi pa kulisikia. Yeye alikuwa amebakiwa na mahali pamoja tu, na hapo penyewe ndo pakawa pa kutumwa.

Dawa yangu ya vyeo ikafia hapo.

Kinachosikika hata ukiwa husikilizi

Kuna jambo kuhusu jina ambalo watafiti wa usikivu walishaligundua zamani. Mwaka 1959 Neville Moray aliwavalisha watu spika za masikioni, sikio moja likisikia maneno wanayotakiwa kuyarudia kwa sauti neno kwa neno, sikio la pili likisikia maneno mengine ya kupuuza. Ya sikio la pili hawakuyakumbuka kabisa, hata yaliporudiwa rudiwa. Isipokuwa jina lao. Karibu theluthi moja walilisikia. Na watoto wachanga, utafiti wa 1995, wakiwa na miezi 4 na nusu tu wanasikiliza zaidi jina lao kuliko majina mengine, miezi mingi kabla hawajasema neno lolote. Jina linaingia kwanza, lugha inafuata.

Hivyo basi anayejua jina lako ana uwezo wa kukugeuza kichwa. Huwezi kujizuia. Ndo maana naona haki ya kulitumia si jambo la adabu peke yake.

Na ndo maana serikali katili zimekuwa zikilifuata jina la kwanza moja kwa moja. Ujerumani ya Wanazi mwaka 1938 ilitoa amri kwamba Wayahudi ambao majina yao hayapo kwenye orodha iliyokubaliwa na serikali waongeze jina, wanaume Israel, wanawake Sara, kuanzia Januari 1, 1939, kwenye nyaraka zote. Mtu aliyeitwa jina la Kijerumani la kawaida kama jirani yake anaamka amebandikwa jina la kumtambulisha kwa anayemtafuta. Bulgaria, majira ya baridi ya 1984 na 1985, serikali iliwalazimisha raia wake wenye asili ya Kituruki, mamia ya maelfu ya watu, kuacha majina yao ya Kiislamu na kuchukua ya Kibulgaria. Wengine walipinga wakauawa. Mwaka 1989 zaidi ya watu 300,000 wakaondoka kwenda Uturuki, na mwaka 1990 ikapitishwa sheria ya kuwaruhusu warudishe majina yao. Na hata pale ambapo hakuna ukatili, sheria inaweza kumuumiza mtu kimya kimya. Iceland kuna kamati ya serikali inayoidhinisha majina, na kuna msichana ambaye jina aliloitwa na mama yake lilikataliwa kwa sababu walisema ni la kiume, akawa kwenye nyaraka zake ameandikwa "Stúlka", yaani "msichana". Alikulia hivyo mpaka miaka 15, ndipo mwaka 2013 mahakama ya Reykjavík ikampa haki ya jina lake. Miaka 15 unaitwa jina nyumbani, na serikali inasema wewe ni msichana tu.

Baada ya kusoma haya niliacha kuona jina la kwanza kama kitu cha kuficha nyuma ya vyeo ili mtu alindwe. Watu wamekufa wakitaka kuitwa majina yao.

Waliojaribu kuondoa ngazi

Iceland hiyo hiyo kila mtu anaitwa jina la kwanza. Rais pia. Vigdís Finnbogadóttir, mwanamke wa kwanza duniani kuchaguliwa kuwa rais kwa kura za wananchi, mwaka 1980, kwa Waiceland ni Vigdís. Hata kitabu cha simu kilipangwa kwa majina ya kwanza. Jina la pili kwa wengi wao linasema tu wewe ni mtoto wa nani, kwa hiyo wengi hawana jina la ukoo la kujificha nyuma yake na hakuna wa kuona kadharauliwa.

Uswidi safari ilikuwa nyingine. Kwa muda mrefu kule mtu mwenye cheo aliitwa kwa cheo, na kulikuwa na mzunguko mrefu wa maneno ili tu usimwambie mtu "wewe". Mwaka 1967 Bror Rexed alipochukua uongozi wa mamlaka ya afya ya taifa aliwatangazia wafanyakazi kuwa atawaita wote kwa "wewe" na jina la kwanza, na wao wamwite Bror. Mabadiliko yalishaanza chini kwa chini, ila tukio hilo ndo linalokumbukwa, na ndani ya miaka michache nchi nzima ikageuka.

Hapo kwa mara nyingine nikataka kushangilia. Lakini kuna utafiti wa 1961 wa Roger Brown na Marguerite Ford, kuhusu Wamarekani wanavyoitana, ambao unanirudisha nyuma. Waliona kwamba pale watu wawili wanapohama kutoka kwenye vyeo kwenda kwenye majina ya kwanza, anayeanza kwa kawaida ni yule wa juu. Yeye ndo anayesema niite fulani. Wa chini anasubiri. Kwa maana hiyo hata Bror Rexed aliweza kusema vile kwa sababu alikuwa mkuu. Karani angeingia asubuhi ile akasema "habari Bror" kabla ya tangazo, ingekuwa hadithi nyingine.

Na nimeona bosi anayesisitiza tumwite jina lake la kwanza, sote tuko sawa hapa, na siku ya kupunguza watu hakushauriana na yeyote kati ya hao walio sawa. Nimepokea meseji za matangazo kutoka kwa kampuni nisizozijua zinaanza na jina langu la kwanza, kwa upole kabisa, kana kwamba tumekua pamoja. Hayo nayo ni upande mmoja. Jina limeitwa kwa sauti laini, ila mwenye kuita hajabadilisha chochote kuhusu nani anaamua.

Kwa hiyo lile swali langu la daftari, je linaweza kurudi, bado nalikubali, ila nimeongeza jingine baada ya kuongea na yule mama. Ukiniita, unataka nini? Maana hata kama angeruhusiwa kuwaita wale wote majina yao ya kwanza, kama wao wangeendelea kumwita pale tu kitu kinapomwagika, angekuwa amepata nini?

Wa kuanza kujitaja

Mwaka 2013 daktari wa Uingereza, Kate Granger, alikuwa amelazwa. Alikuwa na saratani ambayo alijua haitapona. Akiwa kitandani, mgonjwa kati ya wagonjwa, akagundua jambo ambalo kwa miaka yote ya udaktari hakulitilia maanani, kwamba wahudumu wanakuja, wanamgusa, wanampa habari nzito za mwili wake, na wengi hawamwambii wao ni akina nani. Wao wanalo jina lake kwenye faili, limeandikwa juu kabisa. Yeye hana lao.

Akaanzisha kampeni ya jambo moja tu, kila anayemkaribia mgonjwa aanze kwa kusema habari, jina langu ni fulani. Ikaenea hospitali nyingi sana, ndani na nje ya Uingereza. Alifariki 2016.

Ninachokipenda kwenye hili la Granger ni kwamba hakuanza na mgonjwa aitweje. Watu wengi, mimi nikiwemo, tunahangaika na swali hilo, tumwite Bibi, tumwite jina, tumwite nani. Yeye alianza upande mwingine, mwenye nguvu atoe lake kwanza, aliweke mezani kabla hajalitumia la mwenzake. Baada ya hapo mgonjwa anaweza kusema na mimi niite hivi. Wapo watakaosema niite Bibi fulani na wapo watakaosema jina la kwanza, na daktari analipokea aliloambiwa. Mary Hamilton angejibu lake na yule mama wa ofisini angejibu lake, tofauti kabisa, na wote wangekuwa wamesikilizwa.

Kuna aliyenipinga kwa hoja ambayo naiheshimu, akasema mtu mdogo akishaambiwa jina la kwanza la mkubwa hatalitumia hata kwa dawa, aibu tupu, kwa hiyo kumpa ni kazi bure. Nimelifikiria hilo sana. Nina mwalimu wangu wa zamani, amestaafu sasa, tunatembeleana. Alishaniambia nimwite jina lake, kwamba sote ni watu wazima, na alilirudia siku nyingine ili nisidhani ni maneno ya kupita. Sijawahi kulitumia, namwita Mwalimu na yeye ananiita langu, na mtu akitusikia kwa nje atasema ni ule ule upande mmoja. Lakini akiniita ni kuniuliza habari za nyumbani, na ruhusa aliitoa mwenyewe bila kuombwa. Kutoitumia nimechagua mimi, na siku nikitaka kuitumia najua ataitika.